Vyombo Vilivyovuka Uwanja

Siku niliyompelekea mdogo wangu Moraa pazia ilikuwa siku ya kawaida tu. Jua la Kosele lilikuwa likichoma mabati, na kuku walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilitoka nazo Migori, ambako nina kibanda cha pazia sokoni, na nilikuwa nimezishona kwa mkono wangu: maua ya manjano kwenye kitambaa cha kahawia, pindo nimelipiga mara mbili ili lisifumuke. Naeleza pazia zile mapema kwa sababu nilikuja kuzikuta mahali ambapo sikuzitundika.

Levi, mume wa Moraa, alikuwa amemjengea nyumba ya mabati yenye vyumba viwili na sakafu ya saruji. Ilikuwa safi, na ilikuwa tupu kama kanisa letu la Wasabato siku ya Jumatatu. Levi huendesha lori la miwa huko Awendo, na anachorudi nacho nyumbani huishia kwenye unga na sabuni. Lakini mdogo wangu si mtu wa kukaa akilia. Kreti za soda alikuwa amezipanga ukutani zikawa rafu ya sahani. Ndoo za rangi alikuwa amezipindua, akazifunga sponji na kitambaa cha mitumba, zikawa stuli. Gunia alilifua, akalipiga pasi, akalitandika mlangoni. Nilimsifu, na nilimaanisha. Mimi nina viti vya dukani na nyumba yangu haina nusu ya mpango ule.

"Usinisifu," alisema. "Kuja uone."

Alinivuta nje, mtoto wake Linet akiwa mgongoni, tukavuka uwanja hadi kwenye nyumba ya katikati ya boma.

Boma la Waluo lina mpango wake, na sisi Wakisii tunaoolewa huko hujifunza tukiwa tumeshafika. Nyumba ya mke wa kwanza hukaa katikati, ikitazama lango. Ya mke wa pili huwekwa pembeni. Mke wa kwanza wa Levi aliitwa Leonida. Alifariki akijifungua, yeye na mtoto, muda mrefu kabla Moraa hajajulikana pale. Lakini nyumba ya aliyekufa haibomolewi, huachwa hadi ianguke yenyewe. Ile ya Leonida haikuwa na dalili yoyote ya kuanguka. Kila Levi alipotoka Awendo alipitia pale kwanza, akafungua kufuli, akafagia, akafuta vumbi, ndipo akaja kumsalimia mkewe.

Tuliweka viganja kwenye kioo cha dirisha tukachungulia. Kulikuwa na viti vya sofa vilivyopangwa kutazama mlango, na kabati la vioo lenye droo chini. Kila kiti kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe cha kroshia, mgongoni na mikononi, vyote amevishona Leonida mwenyewe. Hata mimi ninayeuza pazia sijawahi kuona kroshia safi namna ile.

"Ona hiyo mali," Moraa alisema. "Mimi nakalia ndoo, na marehemu ako na sofa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sitampamba kwa sababu ni damu yangu. Moraa alikuwa na wivu. Alimwonea wivu mwanamke aliyekuwa kaburini, tena wivu wa kweli, ule unaomfanya mtu asile akashiba. Levi akisema samaki ametiwa chumvi nyingi, Moraa alisikia jina la Leonida. Levi akinyamaza, alilisikia zaidi.

Mama mkwe wake, Dorsila, alitukuta pale dirishani. Ni mama mwenye goti bovu na maneno machache, hana muda wa kukubembeleza. Moraa alimuuliza waziwazi kama angeweza kuchukua kabati lile, maana lilikuwa linakaa bure.

"Nyar Kisii," Dorsila alisema, kwa maana ndivyo anavyomwita, binti wa Kisii. "Nyumba ni ya mwenyewe hata kama hayuko. Kitu ya nyumba moja haivuki uwanja kuingia kwa mke mwenza."

"Lakini mama, huyo si mwenzangu. Mimi sikumkuta."

"Yeye amekukuta," Dorsila alisema, akaenda zake kuangalia ng'ombe.

Nilirudi Migori nikidhani mambo yameishia hapo. Mimi na Moraa tumelelewa kanisani, na tulifundishwa kwamba aliyekufa amelala, hajui lolote. Alichosikia Moraa kutoka kwa mama mkwe wake hakikuwa onyo. Alisikia mama anayempenda zaidi mkamwana wa kwanza.

Sasa, boma lile ni la Wakatoliki. Jumapili asubuhi wote huenda misa, na Moraa, ambaye amesali Jumamosi, hubaki peke yake. Ufunguo wa nyumba ya Leonida huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa Dorsila. Jumapili ya kwanza Moraa alichukua vitambaa tu. Jumapili iliyofuata alimwita Wangwe, mwenye mkokoteni pale sokoni, aje kubeba viti na kabati. Wangwe alikataa kukanyaga ndani. Ilibidi Moraa avisukume mwenyewe hadi mlangoni.

"Wenyewe wanajua?" Wangwe alimuuliza.

"Mimi ndio mwenyewe," alisema.

Alivipanga upya alivyotaka yeye, kabati likawa karibu na dirisha, viti vikatazamana. Alijiambia kwamba Levi akirudi mwisho wa mwezi na kuona nyumba imependeza, atanyamaza. Mlango aliufunga, pazia zangu akazishusha, na Dorsila na goti lake hakuwa mtu wa kuja kubisha hodi.

Katika droo ya chini ya kabati alikuta shali ya mtoto, nyeupe, ya kroshia, imekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni. Leonida aliishona kwa ajili ya yule mtoto ambaye hakuivaa. Ulikuwa msimu wa baridi na Linet alikuwa na kikohozi. Moraa alitaka kununua shali sokoni, kisha akajiuliza kwa nini anunue na hii ipo. Akamfunika mwanawe nayo.

Jioni hiyo alinitumia picha kwa simu. Nyumba ilikuwa imependeza, sitadanganya. Niliikuza picha ile kama tunavyofanya sote tukitaka kuona ya watu. Kwenye mkono wa kiti kimoja kulikuwa na mpira wa uzi mweupe, na sindano ya kroshia imechomekwa humo. Mpini wa sindano ulikuwa umezungushiwa uzi mwekundu.

Nikampigia. "Siku hizi unashona kroshia?"

"Mimi? Hata kushika hiyo sindano sijui."

"Na hiyo iko kwa kiti?"

Nilimsikia akitembea. "Hapa hakuna kitu, dada," alisema. "Labda ni simu yako."

Sabato iliyofuata alirudi kutoka kanisani, mtoto mgongoni, akafungua mlango. Viti vyote vilikuwa vimegeuzwa. Vilikuwa vimepangwa kutazama mlango, kama vilivyokuwa kwa Leonida. Kabati lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Vitambaa vilikuwa vimefuliwa na kutiwa wanga. Vilikuwa bado na unyevu.

Alimshuku Dorsila, akajua amegundulika na anafanyiwa vitimbi. Akarudisha viti alivyotaka yeye, kwa hasira, akivigonga sakafuni makusudi asikike. Hakuuliza mtu. Angeuliza, angelazimika kueleza.

Sabato ya baada ya hapo nilikwenda kusali naye, maana sauti yake kwenye simu haikunipendeza. Tulirudi saa za mchana, mawingu yameshuka na mvua ikianza kudondoka. Nilikuwa wa kwanza kuona.

"Moraa, pazia zangu ziko wapi?"

Dirisha lilikuwa wazi, bila kitu. Rafu ya kreti haikuwepo. Stuli za ndoo hazikuwepo. Gunia la mlangoni halikuwepo. Vilivyobaki vilikuwa vya Leonida, vimepangwa vizuri, vikitazama mlango. Moraa aliweka mtoto kitandani, amelala ndani ya shali, akarudi sebuleni akasimama katikati kama mgeni.

Nilitazama nje. Ng'ambo ya uwanja, kwenye dirisha la nyumba ya katikati, palikuwa na maua ya manjano.

Tulivuka mbio na kuchungulia. Zilikuwa zangu, nililijua pindo langu. Zimepigwa pasi, zimetundikwa sawasawa. Kupitia mwanya kati yake tuliona stuli za ndoo na rafu ya kreti, sahani zikiwa juu yake. Kila kilichotoweka kwa Moraa kilikuwa mle, na kufuli lilikuwa limefungwa.

"Ufunguo uko na nani?" nilinong'ona.

Moraa aliingiza mkono kifuani, akautoa. Ulikuwa na joto la mwili wake. Hakuwa ameurudisha msumarini tangu ile Jumapili.

Mvua ikaja kwa nguvu, tukakimbia kurudi. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na nadhani hata yeye. Alichukua vitambaa, pazia zikaenda. Alichukua kabati, rafu ikaenda. Alichukua viti, stuli zikaenda. Hakuibiwa, alikuwa akibadilishiwa, kitu kwa kitu, kama wanawake sokoni.

"Umechukua nini kingine?" nilimuuliza. "Moraa. Kingine?"

Alikimbilia chumbani.

Shali ilikuwa kitandani. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kingo zimelingana. Linet hakuwepo.

Tulitazama chini ya kitanda. Tulitazama nyuma ya mlango. Mtoto wa miezi michache haendi popote. Moraa alifungua droo za kabati moja moja, akizivuta hadi zikaanguka. Hakuwa analia. Alikuwa akipumua tu, kwa kelele.

Ndipo mvua ikapungua, na tukasikia mtu akiimba.

Haukuwa wimbo hasa. Ilikuwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto, mdomo umefungwa. Ilitoka ng'ambo ya uwanja. Kisha tukamsikia Linet. Alikuwa anacheka.

Uwanja ulikuwa tope tupu. Hapakuwa na nyayo juu yake isipokuwa zetu. Moraa alianguka, akainuka, akafika. Nikamnyang'anya ufunguo. Kufuli lilifunguka.

Ndani palinukia wanga na maziwa. Hapakuwa na mtu. Linet alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha Leonida, amezungushiwa mito asianguke. Macho yake yalikuwa yakitazama juu, mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa. Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na tone la maziwa. Kichwani alikuwa amevaa kofia nyeupe ya kroshia, mpya, bado haijamalizika. Uzi ulikuwa unaning'inia, na sindano yenye uzi mwekundu ilikuwa imening'inia nao.

Moraa alimnyakua. Mtoto akageuka kumtazama, akaanza kulia. Alinyoosha mikono kuelekea kitandani.

Dorsila alitukuta mlangoni. Hakupiga kelele. Alitazama sofa ambazo hazikuwepo, pazia zilizokuwepo, mtoto na kofia. "Rudisha," alisema. "Yote. Sasa hivi."

Tulirudisha kwenye mvua, sisi wawili na yeye na goti lake. Viti, kabati, vitambaa. Shali iliwekwa kwenye droo yake ndani ya karatasi yake. Vya Moraa tukavirudisha kwake vikiwa vimeloa. Kofia Dorsila aliiweka juu ya stuli ya Moraa, maana hakujua ni ya nyumba ipi.

Levi alifika kesho yake kutoka Awendo, na Moraa akamweleza yote bila kujificha. Nilitarajia ukali. Yeye aliiokota ile kofia tu, akaishika kwa vidole viwili. Levi ni mwanaume mkubwa wa kuinua miwa, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Hii kofia alikuwa ameanza kabla tumpeleke hospitali," alisema. "Hii sindano ni yake. Aliizungushia uzi ndio isimuumize kidole."

"Ilikuwa kwa nyumba," Moraa alisema. "Ilikuwa tu kwa nyumba, sindio?"

"Hapana. Tulimwekea kwa mkono. Tulimzika nayo."

Ungedhani yaliisha hapo. Vyombo vilirudi, kufuli likafungwa, viti havikusogea tena. Lakini Linet alikataa ziwa. Akipewa aligeuza uso, akalia akitazama dirishani, ng'ambo. Akapewa kikombe, akatema. Hospitali ya Homa Bay walimpima wakasema hawaoni ugonjwa. Wakamtia maji ya mshipa, akapata nguvu kidogo, akarudi nyumbani, akakataa tena. Shingo yake ikawa nyembamba. Mdogo wangu alikaa na maziwa yakimdondoka kwenye blauzi, na mwanawe akifa njaa mapajani mwake.

"Mwambie ukweli," nilimwambia Dorsila. "Afanye nini?"

Dorsila alimgeukia Moraa. "Mwenzako ameshamnyonyesha," alisema. "Ako na haki yake sasa. Wewe ulimpelekea mtoto na mkono yako, ukimfunga hiyo shali. Nenda umuombe."

"Nimuombe nini?"

"Mlee pamoja."

Naijua roho ya Moraa. Angeombwa jicho, angelitoa haraka zaidi. Alikuwa amekataa kugawana mume na mfu, sasa aliambiwa agawane mtoto. Alikaa siku nzima akimtikisa Linet, akimpa ziwa, akimpa tena. Mchana wa siku iliyofuata mtoto aliacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikomwinua. Alivuka uwanja, akapiga magoti mbele ya ule mlango.

"Leonida," alinong'ona. Hakuwahi kulitaja jina lile bila kulitema. "Huyu ni mtoto yetu. Nisaidie."

Kufuli lilikuwa limefunguka. Aliingia, akaitoa shali kwenye droo, akamfunika Linet nayo. Akakaa kitandani kwa mwenzake, akampa ziwa.

Linet akanyonya.

Hayo ni ya miaka kadhaa sasa. Linet anasoma chekechea, ana mashavu, ana maneno mengi kuliko mimi. Na kila anapokua, kitu huja. Kofia ya kwanza ilimalizika bila mtu kuonekana. Kisha zikaja soksi. Mwaka huu, wiki ya kufungua shule, palikuwa na sweta kwenye kizingiti, rangi ya shule yake, saizi yake kamili. Moraa anasema ilikuwa bado na joto la pasi. Akianguka akichezea uwanjani, mtoto hukimbilia nyumba ya katikati kwanza, anasimama pale mlangoni hadi anyamaze, kisha ndipo anakuja kwa mama yake kuonyesha goti.

Nilipokwenda mwezi uliopita nilimuuliza mdogo wangu kama bado anaogopa.

"Kuogopa kuliisha zamani, dada," alisema. "Ni wivu ndio inaniua."

Wivu ule ndio uliompeleka kwa jirani kujifunza kroshia. Nilimwona nikiwa pale, ulimi nje, akihesabu tundu, akifumua, akianza tena. Alikuwa amenunua uzi wa bluu na sindano mpya ya plastiki sokoni Kosele. Alikuwa anamshonea Linet sweta. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine na shingo ilikuwa imepinda, lakini aliimaliza jioni ya Ijumaa kabla jua halijazama na Sabato kuingia, na sijawahi kumwona na furaha ile. Usiku alimvalisha mtoto akiwa amelala.

Asubuhi Linet aliamka amevaa shati tupu. Sweta haikuwa kitandani wala sakafuni. Tulipotokea sebuleni tukauona uzi wa bluu juu ya stuli ya Moraa. Wote ulikuwa umefumuliwa hadi mwisho, ukazungushwa ukawa mpira mmoja, umekazwa vizuri, hauna fundo hata moja. Sindano ilikuwa imechomekwa katikati, mpini juu. Haikuwa ile ya plastiki. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa uzi mwekundu.